Akili mnemba, mashine na kazi zetu Nyanda za Juu Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nina steshenari ndogo Mwanjelwa, jijini Mbeya. Kompyuta mbili, mashine ya kopi, printa inayokwama kila mvua ikinyesha, na benchi la mbao ambalo wateja hukaa kusubiri. Benchi hilo ndilo lililozaa ukurasa huu. Tangu habari za akili mnemba zianze kuvuma, haipiti siku bila mtu kuniuliza jambo, kana kwamba mwenye kompyuta mbili ni mhadhiri wa chuo kikuu. Nimekusanya maswali yanayorudi-rudi na kuyajibu kadiri ninavyoelewa baada ya kusoma, kuuliza, na kuitumia mwenyewe.

Akili mnemba ni kitu gani hasa?

Ni programu ya kompyuta ambayo haikuandikiwa hatua moja moja za kufuata. Imeonyeshwa mifano mingi mno mpaka ikashika mkondo wake. Ukiionyesha picha elfu kwa elfu za majani ya muhogo, mengine mazima na mengine yenye batobato, mwishowe italitazama jani jipya na kukuambia lina ugonjwa au halina. Hizi zinazoongea na kuandika zimelishwa maandishi badala ya picha. Kazi yake kubwa ni kukisia neno linalofaa kufuata. Ukiiandikia "haba na haba hujaza", itamalizia "kibaba", ingawa haijawahi kukishika kibaba wala kupimiwa mahindi sokoni.

Iliyowafanya watu wengi wazisikie ni ChatGPT, iliyotoka Novemba 2022. Sasa ziko nyingi, na nyingine zimo ndani ya simu yako bila wewe kujua. Kuhusu jina, huku kwetu wengi tunasema akili mnemba, wengine akili unde, na wengine akili bandia. Usigombane na mtu kwa hilo.

Je, ni sawa na mashine ya kukoboa au trekta?

Hapana. Mashine ya kukoboa hufanya jambo moja, vilevile, leo na kesho, na haikisii chochote. Nalitaja hili mapema kwa sababu watu wakisikia "mashine zinachukua kazi" huchanganya mambo mawili. Huku kwetu mashine zilizopunguza vibarua mashambani mpaka sasa, karibu zote ni chuma cha kawaida chenye injini. Akili mnemba inaingilia mlango mwingine.

Itachukua kazi yangu?

Kazi haiondoki yote kwa mkupuo. Chukua ya kwangu. Mteja akitaka barua ya maombi ya kazi, mimi humsikiliza, hupanga maneno, huchapa, husahihisha, hutoa nakala, na mara nyingi humtuliza kwa sababu muda wa maombi unaisha usiku huohuo na mtandao unasuasua. Akili mnemba inapanga maneno na kusahihisha kwa sekunde chache. Kusikiliza inajaribu. Lakini kumtuliza dada aliyesahau nywila yake ya mfumo wa Sekretarieti ya Ajira saa tano usiku, hiyo bado ni shughuli yangu.

Fanya hivyo na ya kwako. Andika kwenye karatasi kila unachofanya toka asubuhi mpaka unapofunga. Weka alama pale ambapo unachoshughulika nacho ni maneno au tarakimu tu mbele ya kioo. Alama zikizidi nusu, usilale.

Kwa wanaotaka takwimu: mwaka 2023 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba katika nchi tajiri kama asilimia 5.5 ya ajira zote zinaweza kufanywa na akili mnemba hizi zinazozalisha maandishi, na katika nchi maskini ni kama asilimia 0.4 tu. Januari 2024 Shirika la Fedha la Kimataifa nalo likasema karibu asilimia 40 ya ajira duniani zitaguswa kwa namna moja au nyingine: kama 60 kwenye nchi zilizoendelea, kama 26 kwenye nchi za kipato cha chini. Kuguswa ni pamoja na kurahisishiwa, kwa hiyo takwimu hizo mbili hazigombani.

Ila usifurahie haraka huo udogo wa 0.4. Ni mdogo kwa sababu ajira za mezani kwetu ni chache, na hizo chache ndizo tulizosomeshwa ili tuzipate.

Kwa nini unasema watu wa mezani ndio watangulie kuogopa?

Kila mtu wa rika langu aliambiwa, "Soma, usije ukashika jembe." Baba yangu aliuza magunia ya viazi, tena kwa lumbesa, ili nijifunze kuchapa bila kutazama vidole. Jembe lilikuwa adhabu na kalamu ndiyo ilikuwa wokovu. Sasa mashine mpya zimeanzia kwenye kalamu.

Sababu yake si ngumu. Muhtasari wa kikao, ankara, tafsiri, majibu ya barua pepe, hesabu za mwisho wa mwezi: vyote hivyo vimeshakaa ndani ya kompyuta. Mashine haihitaji mikono wala miguu kuvifikia. Lakini kung'oa kiazi mviringo bila kukikwaruza, kwenye mteremko wa Uporoto wenye matope ya Machi, huku ukikwepa shina la jirani, hilo linataka macho, vidole, na miguu inayojua kuteleza bila kuanguka. Roboti ya namna hiyo ni ya gharama kubwa, na hapa kibarua analipwa kidogo mno kiasi kwamba hakuna anayefikiria kuinunua. Ujira mdogo ndio unaomlinda kibarua na roboti. Kinga ya namna hiyo simtakii mtu.

Mabadiliko ya mezani tayari yameanza. Mahakama ya Tanzania imeingiza mfumo wa akili mnemba unaonukuu na kutafsiri mwenendo wa mashauri, kazi ambayo kwa miaka mingi hakimu aliifanya kwa mkono wake mwenyewe, akiandika huku shahidi anasubiri. Kwa hakimu hiyo ni ahueni. Kwa wachapaji waliokuwa wakiyachapa maandishi hayo, swali linabaki wazi. Na kule Tunduma, penye foleni ya malori ya Zambia na Kongo, sehemu kubwa ya kazi ya mawakala wa forodha ni kuhamisha taarifa kutoka karatasi moja kwenda kwenye mfumo mwingine. Wakala anayejua kuongea na afisa, na dereva, na mwenye mzigo, ataendelea kutafutwa. Kijana aliyeajiriwa kwa kujaza fomu tu ndiye ninayemhofia.

Mimi nalima mpunga Mbarali. Hii inanihusu?

Akili mnemba, kwa sasa kidogo. Kombaini inakuhusu sana, na nadhani kwenye kombaini ndipo tunapoweza kujifunza, kwa sababu tumeiona kwa macho yetu.

Kabla ya kombaini, mavuno kwenye bonde la Usangu yalikuwa msafara. Vijana walikuja na mundu kutoka wilaya nyingine, wakakata. Wengine wakakusanya, wakapiga kwenye turubai. Akina mama wakapepeta, na pembeni yao walikuwapo wa kuwapikia wote hao. Kombaini inakata, inapura na kupepeta kwa mpito mmoja, na ekari iliyochukua siku kadhaa inaisha kabla chai ya saa nne haijapoa. Mwenye shamba anafurahi: mpunga haupukutiki kwa kuchelewa, wala haibiwi gunia usiku.

Je, kazi zilikwisha? Zilihama. Akatokea dereva wa kombaini, fundi wake, kijana wa bodaboda anayekimbiza dizeli shambani, dalali anayepanga foleni ya mashamba. Pia mashine ina mipaka yake: shamba likiwa na tope inazama, mpunga ukiwa umelala inaacha punje nyingi chini, na kajaruba kadogo kenye kona nyingi haikafai. Huko mundu bado unaitwa.

Lakini tazama nani alipoteza na nani alipata. Mama aliyekuwa akipepeta hakugeuka kuwa dereva wa kombaini. Kazi mpya zilikwenda kwa mwanamume, kijana, mwenye leseni au mwenye ndugu mwenye mashine. Mtu akikuambia "teknolojia huleta kazi mpya", mwitikie, kisha umuulize kazi hizo zinamwendea nani.

Na wachuma chai wa Mufindi na Rungwe?

Hapa joto litakuja, na halitatoka kwenye akili mnemba. Mchumaji analipwa kwa kilo. Anatafuta majani mawili na kichipukizi, mikono miwili ikienda kama inasuka. Mkasi uliongeza kilo, na mashine ya kuchumia inayoshikwa na watu wawili inaongeza zaidi ya hapo, kwa watu wachache. Ubaya wake ni kwamba mashine haichagui: inakata kila kilichosimama kwenye usawa wa kisu, na majani magumu yakiingia, chai inashuka daraja.

Kenya wametangulia kwenye hili na yaliyowakuta tunayajua. Mwaka 2023 huko Kericho wananchi wenye hasira walichoma moto mashine za kuchumia chai. Waingereza walikuwa na yao zaidi ya miaka 200 iliyopita, mafundi wa nguo waliovunja mitambo ya viwandani kuanzia mwaka 1811. Huwa wanachekwa kama watu walioogopa maendeleo. Ukisoma vizuri utaona mashine zenyewe hazikuwa kero yao. Walilalamikia ujira ulioshushwa na ufundi wao uliodharauliwa. Wa Kericho nao walikuwa wakizungumzia chakula cha nyumbani.

Mkulima mdogo wa Tukuyu mwenye ekari moja ya chai nyuma ya migomba yuko mahali tofauti. Hana wa kumpunguza. Akipata mashine kwa ushirika, na ushirika ukawa hai, anaweza kuchuma mwenyewe na bado akawahi kwenye kahawa na ng'ombe. Kwa hiyo mashine ileile, kwa mmoja ni kufukuzwa na kwa mwingine ni kupumua. Tofauti ni jina lililoandikwa kwenye risiti ya kuinunua.

Mbao za Mafinga je?

Viwanda vya kisasa kuzunguka shamba la miti la Sao Hill vinachana na kukausha kwa watu wachache kuliko zile mashine ndogo za kuchana mbao tunazoziita ding dong. Akili mnemba inaweza kusaidia kusoma picha za satelaiti na kuonyesha moto au ukataji wa wizi. Kubeba gogo la msindano kutoka bondeni kunabaki kwa binadamu na mgongo wake.

Parachichi za Njombe zinachambuliwa na kamera, ni kweli?

Teknolojia hiyo ipo: mkanda unapita, kamera na mizani vinatenga matunda kwa uzito, rangi na makovu. Wanaofanya kazi hiyo kwa macho, wengi wakiwa wanawake, wataguswa kadiri mitambo hiyo inavyoshuka bei. Lakini tatizo kubwa la parachichi letu linaanzia mtini. Parachichi la aina ya Hass huiva baada ya kuchumwa, na likichumwa changa linasinyaa badala ya kulainika vizuri, mnunuzi wa Ulaya akalikataa. Anayevuna changa kwa sababu ana ada ya shule ya kulipa wiki hii hahitaji kamera. Anahitaji mkopo usiomnyonga.

Kuna programu ya kutambua magonjwa ya mimea? Je, bwana shamba atakosa kazi?

Ipo. Mojawapo inaitwa Nuru, ilitengenezwa na mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, pamoja na watafiti wa mazao walioko Afrika. Ilianza na muhogo: unaelekeza kamera kwenye jani, inakuambia kama ni batobato, michirizi ya kahawia au utitiri. Uzuri wake inafanya kazi hata pasipo na mtandao, jambo ambalo mtu wa Kyela kando ya ziwa atalithamini.

Bwana shamba kukosa kazi? Kata ngapi zina bwana shamba mmoja anayehudumia vijiji kadhaa kwa pikipiki isiyo na mafuta? Programu inataja ugonjwa. Haijui kwamba jirani yako wa upande wa juu amekataa kung'oa mihogo yake iliyoathirika, na kwamba mna ugomvi wa mpaka tangu enzi za babu. Mbegu safi na utafiti bado vinatoka kwa watu kama wale wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole. Ningependa kumwona bwana shamba akiwa na programu hiyo mfukoni, aache kubahatisha.

Inajua Kiswahili vizuri?

Inajua kuliko nilivyotegemea na inakosea mahali usipotegemea. Kosa ninalolipenda ni la saa. Iambie ikutafsirie ratiba ya Kiingereza, na mara nyingine itaandika kikao kinaanza "saa nane asubuhi", ikiwa na maana ya saa mbili. Mtu anaweza kufika mchana wa jua kali na kukuta viti vimeshakunjwa. Inakosea ngeli pia, hasa sentensi ikirefuka.

Sababu ni chakula chake. Maandishi ya Kiingereza yaliyomo kwenye intaneti ni bahari, ya Kiswahili ni mto, na ya Kinyakyusa, Kihehe, Kibena au Kisafwa ni tone. Mjaribu kwa Kinyakyusa atacheka mpaka machozi. Kwa hiyo anayeandika Kiswahili safi, na anayejua lugha ya kwao pamoja na methali zake, ana kitu ambacho mashine bado inakiomba.

Hizo kazi za mtandaoni za "kufundisha mashine" ni za kweli?

Zipo za kweli. Mtu anaweka alama kwenye picha, anasikiliza sauti na kuiandika, anapima majibu mawili lipi bora. Malipo yake yasikulevye: Januari 2023 iliripotiwa kwamba wafanyakazi jijini Nairobi waliokuwa wakisoma na kuainisha maandishi machafu, ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Wengine walisimulia kuumia akili kwa yale waliyoyasoma.

Matapeli ni wengi kuliko kazi. Ukiambiwa tuma kwanza elfu kumi ya usajili, ufunguliwe akaunti, huo ni wizi. Nimeshamwona kijana akitoa hela hiyo palepale kwenye benchi langu, nikamkataza, akanitazama kama mchawi wa riziki yake. Wiki iliyofuata alirudi akiwa kimya.

Mwajiri akileta mashine akanipunguza, sheria inasemaje?

Swali hili ndilo ningependa watu waulize zaidi na mapema zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamruhusu mwajiri kupunguza watu kwa mahitaji ya uendeshaji, na mabadiliko ya teknolojia yamo humo. Ila hawezi kuamka tu akakupa barua. Anatakiwa kutoa taarifa ya kusudio, kuweka wazi taarifa husika, kisha kushauriana na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe kama hakuna chama, kuhusu sababu, njia za kuepuka au kupunguza idadi, namna ya kuwachagua watakaoondoka, wakati, na malipo. Kwa mashambani chama chenyewe ni TPAWU.

Malipo sasa. Ukiwa umefanya kazi mfululizo kwa miezi 12 au zaidi, una kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Tuseme mshahara wako wa msingi kwa siku ni shilingi 10,000 na umekaa miaka 6: 7 mara 10,000 mara 6, ni shilingi 420,000. Umekaa miaka 13? Unahesabiwa 10, ni 700,000. Hicho ndicho kiwango cha chini, chama kikiwa na nguvu mnaweza kukubaliana zaidi. Juu yake kuna notisi (siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi), likizo ambayo hujaichukua, nauli ya kurudi ulikoajiriwa kama ulitolewa mbali, na cheti cha utumishi. Lakini ukipewa kazi nyingine hapohapo ukaikataa bila sababu ya maana, kiinua mgongo unaweza kukikosa.

Ukiona umeachishwa isivyo haki, peleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Watu wanapoteza haki kwa kusubiri mwezi wa pili wakidhani meneja atawaita.

Tatizo ni kibarua wa msimu. Anaandikwa leo, anafutwa Ijumaa, anaandikwa tena Jumatatu, na miezi 12 ya mfululizo inakuwa ngumu kuithibitisha. Mashine ikija, huyo haagwi na mtu. Haitwi tu tena. Kama ni wewe, tunza kila karatasi, hata ile ya kilo za kila siku. Ukitaka nakala njoo, nitakufanyia bei ya mtu wa kwetu.

Simu imenikatalia mkopo bila sababu. Ni akili mnemba?

Huenda ni programu inayokadiria kutokana na unavyotumia simu na pesa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki dhidi ya uamuzi unaofanywa na mashine peke yake, na kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kupokea malalamiko. Andika, omba maelezo. Wengi wetu huishia kutukana simu.

Mwanangu kamaliza kidato cha sita. Asome nini?

Mama zangu huuliza hili wakiwa wameshika matokeo yaliyotoka kuchapwa, bado ya moto. Sitaji kozi. Nawaambia watazame kama kozi hiyo inamfikisha mtoto kwenye vitu na watu, au inamwacha kwenye skrini tu. Fundi wa umeme wa jua, muuguzi, fundi wa mitambo ya maji, mpima ardhi, daktari wa mifugo: hawa watatumia akili mnemba kama wanavyotumia simu. Uhasibu usome, lakini usome ule wa kumwambia mwenye duka kwa nini biashara inavuja. Kujumlisha tu kumeshapata mwenyewe. Kompyuta nayo isomwe kwa kina, na hapa Mbeya tuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, hakuna haja ya kudhani elimu hiyo iko Dar es Salaam pekee. Kozi za wiki mbili zinazoahidi "utaalamu wa akili mnemba" na cheti cha rangi ya dhahabu, hizo mimi huzitolea kopi tu.

Mimi ni mwalimu. Wanafunzi wananiletea insha za mashine. Nifanye nini?

Mwite mwanafunzi, mwambie akueleze kwa mdomo alichoandika. Dakika tatu zinatosha. Programu zinazodai kubaini maandishi ya mashine zinakosea, na zitamwonea mtoto aliyeandika vizuri kwa jasho lake.

Bodaboda? Msusi? Mama lishe? Fundi cherehani?

Bodaboda ameshaguswa na programu za kuitia usafiri, lakini magari yasiyo na dereva kwenye kona za Mlima Nyoka nitayaamini nikiyaona. Wengine watatu walale salama.

Si zamani pia watu waliogopa, na kazi mpya zikaja?

Ndiyo. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 hakuna aliyewaza kwamba "wakala" ingekuwa kazi ya watu wengi namna hii, kila kona ya Kabwe na Mafiati mtu na mwavuli wake. Vibanda vya kupigia simu navyo vilikufa, baadhi ya wenye vibanda ndio wakawa mawakala wa kwanza. Hilo linanipa moyo. Kinachonitia shaka ni mwendo. Kibanda kilikufa taratibu, mtu alikuwa na muda wa kutazama pembeni. Hii ya sasa inabadilika kati ya mfungo mmoja na mwingine.

Na steshenari yako itapona?

Kuchapa ripoti za utafiti za wanachuo, zilizokuwa zikilipa kodi ya pango kila Mei na Juni, kumepungua sana. Wanakuja na kazi iliyokamilika kwenye simu, wanataka kuchapisha tu. Kwa upande mwingine limezaliwa jambo ambalo sikuwa nalo.

Majuzi alikuja mzee mmoja na barua ya kwenda kwa mkuu wa wilaya kuhusu bomba la maji. Mjukuu wake aliitengeneza kwa simu. Inaanza: "Mpendwa Mkuu wa Wilaya, ninakufikia kuhusu suala la maji." Mzee akaiweka mezani. "Mwanangu, huyu si mchumba wangu. Na ninamfikia wapi, mimi niko hapa?" Nikamwamkia upya, nikamkalisha, tukaanza mwanzo: YAH, na kichwa cha habari hapo juu chahusika. Akanieleza bomba lilipasuka lini, nani aliahidi, kaya ngapi zinachota mtoni. Nusu ya hayo hayakuwamo kwenye barua ya simu, maana mjukuu hakumuuliza.

Nilimwambia elfu moja. Akasema simu ilifanya bure. Nikamwambia ampelekee mkuu wa wilaya hiyo ya simu basi. Akatoa mia tano, akaahidi kuniletea parachichi.